Murara, Goma: Fundi akiona kiungo kibaya cha umeme, neno lake liende wapi?

Katika kata ya Murara, mtaani Karisimbi, kuna sehemu ambako nyaya za umeme zinapita karibu sana na mapaa ya mabati na kuta za mbao. Moto wa umeme mara nyingi hauanzii katikati ya waya. Unaanzia pale nyaya mbili zinapokutana: kwenye nguzo, juu ya dirisha, nyuma ya mita, ndani ya soketi. Na mtu wa kwanza kuona kwamba mahali hapo pamelegea au pameungua si shefu wa kata wala polisi. Ni fundi aliyepanda ngazi. Akishaona, anamwambia nani? Na nani anamjibu?

Swali hili si la Murara peke yake. Liliwahi kuulizwa katika vinu vikubwa vya nyuklia huko Marekani, na jibu lake liligharimu miaka mingi na pesa nyingi sana. Lakini kwanza tuanze na hapa nyumbani.

Kata iliyojengwa upya juu ya jiwe

Kila mkaaji wa Murara mwenye umri wa kutosha anakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Siku hiyo volkano ya Nyiragongo ilitapika, na lava ikashuka hadi katikati ya mji na kufika ziwani Kivu. Murara ni moja ya kata zilizopigwa. Watu walirudi jiwe likiwa bado lina joto, wakaanza kujenga juu yake. Wengi walijenga kwa mbao na mabati, kwa sababu mbao ni nafuu, ni nyepesi, na zinasimama haraka juu ya ardhi isiyochimbika kwa urahisi.

Nyumba hizo zilibanana. Ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Umeme ulipofika, ulipitia mapaani. Mwenye mita akampa jirani waya mmoja, jirani akampa mpangaji wake, mpangaji akavuta mwingine hadi kibanda cha kunyoa nywele au cha kuchaji simu. Kila hatua katika safari hiyo ni kiungo kipya, na mara nyingi kiungo hicho ni nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe wa plastiki. Mvua za Goma zinapiga, jua linapiga, utepe unaachia. Ndiyo maana watu wanasema nyaya za mji wetu zimekuwa kama utando wa buibui.

Jiwe lenyewe lina shida yake. Usalama wa nyumba unategemea waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme uliovuja chini badala ya kuupitisha mwilini mwa mtu. Kwa kawaida fundi anapigilia chuma kirefu katika udongo wenye unyevu. Juu ya lava hakuna udongo wa kutosha, chuma hakishuki, na jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi hazina waya wa ardhi kabisa, au zinao wa kuonekana tu. Katika nyumba kama hiyo, friji ikivuja umeme kwenye bati lake, atakayeupeleka chini ni yule atakayeishika akiwa miguu peku.

Kiungo kinavyowaka moto

Wengi wanaamini kwamba moto wa umeme unakuja kwa sababu umeme umekuwa mwingi mno. Inatokea hivyo. Lakini kiungo kilicholegea kinaweza kuwaka hata umeme ukiwa wa kawaida kabisa.

Chukua resho ya kupikia yenye wati 2,000. Kwa umeme wa volti 220, inavuta kama ampea 9. Waya mzuri unabeba ampea hizo bila tatizo. Sasa weka katikati ya njia kiungo kilichosokotwa vibaya, chenye ukinzani wa nusu omu tu. Ampea 9 zikipita hapo zinaacha joto la kama wati 40. Hilo ni joto la kile chuma ambacho mafundi wa redio wanatumia kuyeyusha risasi. Tofauti ni kwamba chuma cha fundi wa redio kiko juu ya meza na mwenyewe anakitazama. Kiungo hiki kiko nyuma ya ubao mkavu, na hakuna anayekitazama.

Kibaya zaidi, kikata-umeme, kile mafundi wetu wanachokiita disjonkteri, hakitakata. Kwake yeye, ampea 9 ni mzigo wa halali. Hajui kwamba sehemu ya mzigo huo inachoma ukuta. Kiungo kinapopata moto, shaba inaota kutu nyeusi, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Jambo hilo linaweza kuchukua wiki au miezi. Kuna dalili kabla: taa inapepesa resho ikiwashwa, soketi inakuwa na joto mkononi, plastiki inabadilika rangi, harufu kama ya samaki au ya mpira unaoungua inasikika usiku.

Kuna pia shida ya chuma na chuma. Nyaya nyingi zinazotoka kwenye nguzo ni za alumini, na nyaya za ndani ya nyumba ni za shaba. Ukizisokota pamoja moja kwa moja, alumini inaliwa, hasa maji yakiingia. Kwa kazi hiyo kuna viunganishi maalumu vya vyuma viwili. Kwenye nyaya zile nyeusi zilizosokotwa pamoja, zinazopita juu ya barabara, mafundi wanatumia kibano chenye meno yanayotoboa ganda la waya. Kichwa cha bolti yake kimetengenezwa ili kikatike chenyewe kinapofikia nguvu inayotakiwa. Kibano hicho hutumika mara moja tu. Kikifunguliwa na kuwekwa mahali pengine, meno hayashiki tena kama mwanzo. Anayejua kama kibano ni kipya au kimerudishwa ni fundi aliyekifunga. Mwenye nyumba haoni kitu kutoka chini.

Halafu kuna desturi yetu ya umeme kukatika. Umeme ukienda, watu wanaacha pasi, resho na friji zikiwa kwenye soketi. Ukirudi, vyote vinavuta kwa pamoja, katika nyumba zote za avenyu. Hapo ndipo viungo dhaifu vinapojaribiwa, na mara nyingi ni usiku, watu wakiwa wamelala.

Laini moja imezimwa, nyingine iko hai

Kwa fundi wa juu ya nguzo, hatari ni nyingine. Zamani Goma ilijua SNEL tu, shirika la taifa lililoundwa mwaka wa 1970, linaloleta umeme kutoka mitambo ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi Desemba 2015 Virunga Energies, iliyotokana na kazi ya Hifadhi ya Virunga, ilizindua mtambo wa maji wa Matebe, wilayani Rutshuru, wenye megawati zaidi ya 13. Mwaka wa 2020 kampuni ya Nuru ilifungua kituo cha umeme wa jua cha megawati 1.3 katika kata ya Ndosho. SOCODEE nayo ikaingia katika ugawaji.

Kwa wakaaji, hiyo ilikuwa habari njema. Watoto walipata taa ya kusomea, mashine za kusaga zikaanza kuzunguka, na bei ya makaa ikapata mshindani. Lakini kwa fundi, mji wenye wagawaji wengi ni mji ambao kuzima laini moja hakumaanishi kwamba yote imezimwa. Nguzo za huyu zinasimama karibu na nguzo za yule. Waya wa nyumba unavuka waya wa kampuni nyingine. Na kuna nyumba zilizounganishwa mara mbili: umeme wa huku ukikosekana, wanageuzia ule wa kule, au wanawasha jenereta. Kama kigeuzi ni kizuri, hakuna neno. Kama ni nyaya tu zilizounganishwa kienyeji, umeme wa jenereta unaweza kutoka nyumbani, kupita kwenye mita na kurudi hadi kwenye nguzo. Fundi aliyeambiwa laini imekufa anaikuta hai mikononi mwake.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kazi hii duniani kote ina hatua 5, na hakuna hata moja ya kurukwa. Kwanza, tenga laini kutoka kila chanzo cha umeme. Pili, funga swichi kwa kufuli na ubaki na ufunguo, ili mwingine asiwashe. Tatu, pima kwa kifaa kuhakikisha hakuna umeme, usiamini maneno ya simu. Nne, unganisha nyaya zote na ardhi, ili umeme ukirudi kwa bahati mbaya uende chini. Tano, zungushia mahali pa kazi alama, watu wasikaribie.

Mwili wa mtu hauhitaji umeme mwingi ili ufe. Miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya zile ampea 9 za resho, zikipita kifuani zinatosha kuhatarisha maisha. Aliye juu ya nguzo anaweza kusalimika na umeme na akauawa na kuanguka, na chini yake ni mawe ya volkano.

Moto ulioanza kwa mshumaa

Tarehe 22 Machi 1975, katika kinu cha nyuklia cha Browns Ferry, jimboni Alabama, wafanyakazi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapovuja, pale nyaya zinapopita ukutani chini ya chumba cha kuongozea mitambo. Chombo chao cha kupimia kilikuwa mshumaa: ukipepea, hewa inavuja. Povu la kuzibia lilikuwa linawaka kwa urahisi. Mshumaa ukalishika. Moto ulidumu kama saa 7, ukaharibu nyaya zaidi ya 1,600, na vifaa vingi vya kupoza kinu vikaacha kusikia amri. Wahandisi waliokoa kinu kwa shida.

Jambo la kukumbuka ni hili: siku 2 kabla yake, moto mdogo wa namna hiyohiyo ulikuwa umeshatokea kwa mshumaa huohuo wa kupimia. Ulizimwa, na kazi ikaendelea kama kawaida. Waliokuwepo walijua. Lakini kujua kwao hakukuwa na njia ya kusimamisha kazi.

Miaka 10 baadaye, shirika lilelile la serikali ya Marekani, Tennessee Valley Authority, lilikuwa linakaribia kumaliza kinu kingine, Watts Bar, jimboni Tennessee. Wafanyakazi walikuwa wakilalamika: nyaya zilivutwa kwa nguvu ndani ya mabomba hadi maganda yake yakaumia, kazi ya kulehemu ilikuwa na kasoro, na anayesema anaonekana adui wa kampuni. Mwaka wa 1985 shirika lililazimika kuita watu wa nje kuwahoji wafanyakazi kwa maelfu, na ambaye hakutaka kutajwa jina hakutajwa. Maelfu ya malalamiko yalitoka. Mwaka huohuo shirika hilo lilizima vinu vyake vyote vilivyokuwa vikifanya kazi. Watts Bar, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1973, haikutoa umeme hadi mwaka wa 1996.

Yale malalamiko yalitatuliwaje? Hayakumalizwa kwa mkutano mmoja na hotuba. Yaliandikwa na kupangwa moja baada ya jingine. Yalichunguzwa na watu wasiokuwa chini ya mkuu aliyelalamikiwa, na jibu likatolewa. Mengine yalionekana hayana msingi, na hilo pia likaandikwa pamoja na sababu yake. Mengine yalikuwa kweli, nyaya zikatolewa na kuwekwa mpya. Nyuma ya yote kulikuwa na sheria: tangu mwaka wa 1978 sheria ya Marekani inakataza kumfukuza au kumuadhibu mfanyakazi wa kinu cha nyuklia kwa sababu amesema juu ya hatari.

Mtu anaweza kuuliza nyuklia inatuhusu nini sisi wa Goma. Inatuhusu kuliko tunavyofikiri. Kinu cha kwanza cha utafiti wa nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka wa 1959. Majirani zetu Rwanda walitia saini mwezi Septemba 2023 na kampuni ya Dual Fluid kwa ajili ya kinu cha majaribio, na Kenya na Uganda nazo zina mipango yao. Lakini hata pasipo hayo, kiungo cha waya ni kiungo cha waya. Tofauti kubwa kati ya Watts Bar na Murara ni kwamba kule, mwishowe, neno la fundi lilipata karatasi, namba na jibu.

Msiba wa Matadi-Kibala

Hatuhitaji kwenda Marekani ili kuona bei ya kuchelewa. Tarehe 2 Februari 2022, asubuhi, waya wa voltaji kubwa ulikatika na kuanguka katika soko la Matadi-Kibala, pembezoni mwa Kinshasa. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa yametuama. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa wamekuja kuuza na kununua. SNEL ilieleza kwamba radi iliupiga waya. Baada ya msiba, serikali ilitangaza kwamba soko litahamishwa.

Radi haina wa kuishitaki. Lakini soko kukaa chini ya laini ya voltaji kubwa halikuwa jambo la siri. Lilionekana na kila mpita njia, miaka na miaka. Ndivyo ilivyo na viungo vingi vya Goma. Vinaonekana. Vinazungumzwa kwenye vibanda vya chai. Havijaandikwa mahali popote.

Hali ya usalama inaongeza uzito. Mwezi Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika tena, umeme ulikatika katika sehemu za mji. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na mji ukaangukia mikononi mwa AFC/M23, umeme ulikatika na maji pia, kwa maana pampu za maji zinategemea umeme. Kila mara, waliotumwa kuunga kilichokatika walikuwa ni mafundi. Katika siku kama hizo kila mtu anataka taa irudi leo, na fundi anabanwa aunge haraka kwa kifaa chochote kilichopo. Kiungo cha dharura kinabaki pale miezi na miezi, hadi kinasahaulika kwamba kilikuwa cha dharura.

Sheria inasema nini

Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na inataka kuwe na kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, juu ya hifadhi ya jamii, inaweka ajali za kazini miongoni mwa mambo ambayo mfanyakazi aliyeandikishwa analindwa nayo.

Katika ngazi ya dunia, Shirika la Kazi la Kimataifa liliamua mwezi Juni 2022 kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni moja ya haki za msingi za kazi, na kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Mkataba wake namba 155, wa mwaka wa 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya kweli ya kuamini hivyo, asiadhibiwe kwa kufanya hivyo.

Kwa maneno mengine, fundi anayekataa kupanda nguzo kwa sababu laini haijapimwa si mvivu wala mkaidi. Haki yake inatambuliwa.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya umeme katika kata zetu inafanywa na fundi wa mtaani asiye na mkataba, asiyeandikishwa popote, anayelipwa kwa siku. Akiumia, familia yake inachangisha pesa za hospitali. Akisema kiungo ni kibaya, mwenye nyumba anamwita mwingine wa bei ya chini. Hapo ndipo sheria nzuri inabaki Kinshasa kwenye makabati.

Kinachowezekana hapa hapa

Haitakiwi pesa ya kinu cha nyuklia ili kuanza. Daftari linatosha, na watu watatu au wanne wenye nia.

Katika kila kata kunaweza kuwa na daftari moja la viungo vibaya, likae mahali ambapo watu wanaaminiana: ofisi ya kata, shule, parokia au kanisa. Kila kisa kiandikwe kwa tarehe, avenyu, alama ya nguzo, jina la mgawaji wa umeme na kilichoonekana. Jina la aliyesema si lazima. Nakala iende kwa mgawaji husika, na siku ya kupelekwa iandikwe. Jibu likija, liandikwe pembeni. Jibu lisipokuja, nafasi hiyo iachwe tupu ili kila mtu aione. Mwisho wa mwezi, shefu wa kata na mashefu wa avenyu walisome mbele ya watu.

Wagawaji wa umeme nao wana lao la kufanya. Wakikaa pamoja, hata mara moja kwa miezi mitatu, na kuweka kwenye ramani moja mahali laini zao zinapokaribiana, watakuwa wamewalinda mafundi wao wenyewe. Anayezima laini yake kwa kazi amjulishe jirani yake. Fundi asitumwe peke yake, na asitumwe bila kifaa cha kupimia. Na yule aliyesema kwamba kiungo fulani ni hatari asikute jina lake limetolewa kwenye orodha ya kazi mwezi unaofuata.

Shule za ufundi za mji, kama ITIG, tayari zinatoa vijana wanaojua umeme. Mafundi wa mtaani wanaweza kuungana, wakubaliane juu ya mambo ambayo hakuna hata mmoja wao atakayefanya kwa bei yoyote: kuunga alumini na shaba kwa kusokota, kuunga laini hai, kuunganisha jenereta bila kigeuzi. Wote wakikataa, mwenye nyumba hatapata wa kumkimbilia.

Kwa mwenye nyumba na mpangaji

Kuna mambo ambayo hayangoji mkutano. Shika soketi zako jioni wakati resho imefanya kazi nusu saa. Ikiwa moja ina joto, iache na umuite fundi. Umeme ukikatika, chomoa pasi na resho. Usiunganishe vyombo vingi vikubwa kwenye kebo moja ya kurefusha. Usipitishe waya chini ya kapeti au kati ya bati na ubao. Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua kikata-umeme kinachohisi uvujaji wa miliampea 30. Juu ya jiwe letu ambako waya wa ardhi ni dhaifu, hicho ndicho kinachoweza kumtenganisha mtoto na kifo. Na moto wa umeme ukiwaka, zima swichi kuu kwanza. Usimwage maji mahali umeme bado upo.

Fundi akikuambia kwamba kazi hii inahitaji kibano kipya na waya mnene zaidi, usidhani mara moja kwamba anakuibia. Muulize akuonyeshe mahali palipoungua. Mara nyingi atakuonyesha. Kibano kimoja ni bei ndogo, na nyumba ya mbao inateketea kabla gari la zimamoto halijapata njia ya kupita.

Nchini kwetu tunazoea kuhesabu wafu, kisha kuuliza nani alijua. Katika mambo ya umeme, karibu kila mara kuna aliyejua. Alikuwa juu ya ngazi, aliona rangi nyeusi kwenye waya, akashuka akasema, na aliyemsikia akasema tutaona kesho. Murara imeshajengwa upya mara moja juu ya jiwe. Haina sababu ya kujengwa tena juu ya majivu, kwa kiungo ambacho fundi alikuwa amekiona.